Siku Tuliyokwenda Kupumzika Ng'ambo

Nilimpeleka mke wangu baharini kwa sababu alikuwa ameacha kusema. Miezi mitano ilikuwa imepita tangu binti yetu Tekla, wa miaka minne, afariki kwa surua. Agnesi, aliyekuwa mcheshi wa mtaa mzima, sasa alishinda kitandani akitazama ukuta. Nesi wa zahanati yetu pale Temeke aliniambia bila kuzunguka, "Dawa yake sina. Mtoe nje akapate upepo, aone kitu kingine." Wiki hiyohiyo, kazini kwetu Kurasini ambako mie nilikuwa karani wa ghala, katibu wa tawi la chama alitutangazia kwamba kuna ufuko umetengwa ng'ambo ya Kigamboni kwa ajili ya mapumziko ya wafanyakazi na wakulima. Hakuna jengo wala duka, alisema. Ni pori na bahari, na kila mwananchi anakaribishwa. Nikaona nijaribu.

Jumapili, alfajiri. Agnesi alichemsha mihogo, maana unga wa ngano ulikuwa haupatikani, na wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada tuliokuwa tukiupangia foleni, ulimchefua. Akaifunga kwenye kitambaa. Mlangoni tulikutana na jirani yetu akifagia uwanja.

"Mama Tekla, leo mmetoka! Safari njema," alisema kwa furaha ya kweli.

Uso wa Agnesi ulibadilika. Aliitika kwa kichwa, akapita. Jina lile mtaani hawakuwa wamepata la kuliweka badala yake.

Saa moja na nusu tulikuwa Magogoni. Manyunyu yalikuwa yameanza, na pantoni ilijaa watu, baiskeli na matenga ya kuku. Agnesi alisimama ukingoni akiyatazama maji meusi, na akayatazama muda mrefu mno. Nilisogea karibu nikashika ncha ya khanga yake, nikaishika hivyo mpaka tukafika upande wa pili.

Saa tatu lori la kubebea nazi lilitushusha kwenye njia panda, na dereva akatuonyesha kinjia kinachokwenda pwani. Tulitembea karibu saa nzima. Nilitegemea pori, lakini tulichopita ndani yake hakikuwa pori. Kulikuwa na nguzo za nyumba zisizo na paa, mihogo iliyopea mpaka ikawa miti, na kisima kilichozibwa kwa magogo. Nazi zilikuwa zimeanguka zikaota hapohapo chini, hakuna aliyeziokota.

"Watu wa hapa walikwenda wapi?" Agnesi aliuliza. Nilishtuka. Lilikuwa swali lake la kwanza baada ya siku nyingi.

"Nadhani walihamishiwa kijiji kipya, kule ndani."

Alikitazama kile kisima, akatangulia njiani.

Saa nne tulifika. Kulikuwa na mti uliolazwa katikati ya njia na ubao mpya wenye maandishi meupe: MAPUMZIKO YA WANANCHI. Karibu yake banda la matofali lilikuwa limeinuliwa hadi kiunoni, kisha likaachwa. Saruji, bila shaka, ilikuwa imekwisha. Chini ya turubai alikaa mlinzi mwenye sare ya kaki na daftari mapajani, kijana wa miaka thelathini hivi aliyeitwa Seif. Mbele yake alisimama mama mmoja wa makamo mwenye jembe dogo begani, na walikuwa wakibishana.

"Shangazi, nimeshakwambia," Seif alisema kwa sauti ya mtu aliyechoka. "Wageni wa mapumziko ndio wanaoingia. Wenyeji wa zamani hapana. Mkiingia mnarudi kulima, mie nafukuzwa kazi."

"Nilime nini, Seif? Nataka kupalilia kaburi la Hamisi tu. Wewe si ulicheza naye?"

"Nilicheza naye. Amri si yangu."

Nilimshika Agnesi mkono ili tukae pembeni mpaka wamalize. Aliutoa mkono wake, akamwendea yule mama, akainama kidogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Kisha akamgeukia mlinzi. "Tuandike watatu. Tumekuja naye."

Seif alimtazama Agnesi, akanitazama mie, akamtazama shangazi yake na lile jembe. Uongo ulikuwa wazi kama mchana. Aliandika polepole: wageni, watatu. Akainua macho kutazama baharini ili asituone tukipita.

Njiani yule mama alituambia anaitwa Bi Mwanaidi. Nyumba yake ilikuwa pale pale tulipoona kisima kilichozibwa. Hamisi alikuwa mwanawe wa kwanza, aliumwa na nyoka akiwa na miaka saba, miaka ishirini na mbili iliyopita. Tangu wahamie kijiji kipya alikuwa hajaruhusiwa kurudi hata mara moja.

Makaburi yalikuwa nyuma ya miti, hatua chache kutoka ufukweni, na majani yalikuwa yamefika magotini. Mie nisingejua kuwa ni makaburi. Yeye alikwenda moja kwa moja, akapiga magoti mbele ya jiwe la matumbawe lisilo na maandishi, akasema, "Hodi, baba. Nimechelewa. Leo nimekuja na wageni."

Agnesi alipiga magoti upande wa pili, akaanza kung'oa majani kwa mikono.

"Usiushike huo, ni upupu," Bi Mwanaidi alimwonya. "Utajikuna mpaka kesho. Vuta huu." Baada ya muda akauliza, "Na wewe, unao wangapi?"

"Nilikuwa naye mmoja."

"Amelala wapi?"

Agnesi aliacha kung'oa. "Sijui," alisema. "Siku aliyofariki mie nilikuwa hospitali, homa imenipanda kichwani, sijitambui. Mume wangu ndiye aliyemzika. Kila nikimwomba anipeleke, ana sababu. Mara mvua, mara kazi." Akanigeukia, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi akanitazama machoni. "Mbona hunipeleki, Baba Tekla?"

Nilikuwa na sababu nyingine tayari ulimini, lakini pale, mbele ya yule mama aliyelijua jiwe lisilo na jina, ilinikwama.

"Kaburi lake silioni," nilisema. "Niliweka msalaba wa mbao. Masika yalipokwisha nilikwenda, sikuukuta. Tuta limesambaa, na makaburi mapya yamebanana. Nilirudi mara nne, Agnesi. Sijui mtoto wetu yuko wapi."

Nilidhani atapiga kelele. Aliinama akaendelea kung'oa majani, kwa nguvu, machozi yakimdondokea mikononi, na Bi Mwanaidi hakumwambia anyamaze. Mie nilichukua lile jembe nikalima pale nilipoonyeshwa.

Saa saba tuliteremka ufukweni, maana hilo ndilo tulilokuja kufanya. Maji yalikuwa yamekupwa, matope na mwani vimetanda hadi mbali, na upepo ulikuwa wa baridi. Tulikula ile mihogo watatu, migongo yetu ikiwa kwenye mvua. Pembeni ya makaburi niliona vigingi vimepigwa chini kwa mstari, vimefungwa kamba nyekundu. Sikuelewa ni vya nini.

Saa tisa, wakati wa kuondoka, kina mama walitangulia, na Seif akanivuta kando.

"Braza, naomba usimwambie shangazi," alisema kwa sauti ya chini. "Vile vigingi ni vya uwanja wa mpira. Tingatinga linakuja kusawazisha mwezi ujao. Nikimwambia ataumia bure, na hana la kufanya. Bora asijue."

Niliyajua maneno yale. Nilikuwa nimeyalalia na kuyaamkia tangu masika yaishe.

"Mwambie leo," nilisema. "Anaweza kuhamisha mifupa ya mtoto wake. Anaweza angalau kuchukua lile jiwe. Ukinyamaza, siku atakapokuja na kukuta uwanja, hataliuliza tingatinga. Atakuuliza wewe."

Alirudi chini ya turubai lake. Tulishapita ule mti uliolazwa njiani niliposikia akiita nyuma yetu, "Shangazi! Ngoja kidogo, nina maneno." Bi Mwanaidi alituaga kwa kumshika Agnesi mikono yote miwili, akarudi kwake. Yaliyofuata sikuyaona.

Ndani ya pantoni Agnesi alisimama mbali nami, na sikushika khanga yake. Hakuyatazama maji. Aliitazama ng'ambo ya mjini. Tulipofika Temeke hakugeukia nyumbani. "Nipeleke huko unakokwendaga," alisema.

Makaburini tulimkuta mchimbaji akiosha koleo lake. Nilimweleza mwezi na juma, na mahali nilipokumbuka. Alifikiri, akatupeleka mpaka kwenye mafungu matatu madogo ya udongo, yaliyokaribiana, majani yameyameza.

"Juma lile la surua niliwachimbia watoto watatu hapa," alisema. "Wako ni mmojawapo. Yupi, nitakudanganya."

Agnesi alifunga khanga kiunoni. "Basi tunayapalilia yote," alisema.

Nilikuwa nimejiambia kwamba ninamkinga na uchungu. Kumbe nilijikinga mie na macho yake, na yeye ndiye aliyekaa kitandani kuulipia woga wangu. Hilo ndilo nililolipata katika safari ya mapumziko, wala sikulipata kwa upepo wa bahari. Msamaha hajanipa kwa maneno, na sijamwomba auharakishe. Jioni ile tulipalilia kwa mikono mpaka giza likaanza kuingia, yeye upande mmoja na mie upande mwingine, na tulipolimaliza tuta la tatu aliniambia nisogee, akaketi chini, akaanza kunieleza jinsi Tekla alivyokuwa akimwita yeye walipokuwa wawili tu.