Nissan Nyekundu ya Mzee Kija

Amedeus Anselim hakuwa na kitako. Watu wa mtaani kwake Katindiuka walilisema hilo hata mbele yake, na yeye hakukasirika, maana ndivyo alivyokuwa. Aliendesha trekta la miwa kule Kidatu, akaacha. Akaendesha lori la mfanyabiashara wa mpunga, akaacha. Mwaka 1996, alipokuwa anakaribia miaka arobaini, alikuwa dereva wa pikapu ya misheni, kazi ambayo wenzake waliimezea mate, na tayari vidole vyake vilikuwa vinapiga ngoma kwenye usukani kila gari liliposimama.

Mkewe, Merina, alijua ugonjwa huo ulianzia wapi, kwa sababu alikuwa amesimuliwa mpaka akachoka. Mwanzoni mwa miaka ya sabini, Amedeus akiwa bado anasoma shule ya msingi, mjomba wake alimchukua kwenda Morogoro kutembea, na wakakuta magari ya mashindano ya Safari yanapita. Walijipenyeza kwenye umati kando ya barabara. Vumbi likainuka kwa mbali, na ndani yake ikatoka Datsun 240Z nyekundu, boneti lake jeusi limenyooka mbele refu kuliko gari lenyewe, ikanguruma, ikapita, ikapotea. Basi, ikawa hivyo tu. Lakini kitu kilichopita pale kilipita na utulivu wake.

Baadaye alidadisi kila mtu aliyejua magari. Akaambiwa kwamba Datsun ni jina la kampuni ya Nissan, kwamba gari lile kwao Japani linaitwa Fairlady Z, lilianza kuuzwa mwaka 1969, likaibuka mshindi wa Safari mwaka 1971 na tena 1973, kwenye matope na mawe ambayo yaliyavunjavunja magari ya Wazungu. Alikata picha kwenye magazeti chakavu akazibandika ukutani kwa ugali: Skyline, ambayo iliasisiwa na kampuni iitwayo Prince kabla haijaungana na Nissan, Laurel, Cedric ya wakubwa, na ile Fairlady mpya iliyotoka mwaka 1989, pana, imelala chini, taa zake zimeinama kama macho ya mtu anayekutilia shaka. Merina alikuwa akizifuta vumbi kila Jumamosi. Hakuna mwanamke mwingine Katindiuka aliyeweza kuitofautisha Laurel na Cedric kwa kutazama taa za nyuma.

Mwaka huo ndipo Mzee Kija alipomwita. Kija alikuwa Msukuma aliyehamia bondeni na ng'ombe wake, akafungua mashamba ng'ambo ya mto unaovukwa kwa kivuko, njia ya Lupiro, akalima kwa plau mpaka akawa mtu wa kutajwa. Alikuwa mrefu, mpana, na kofia yake haikumtoka kichwani hata akila.

"Shikamoo mzee," alisema Amedeus.

"Marahaba. Wewe ndiye unayejua magari. Nataka gari la heshima. Nikae nyuma na wake zangu, tuende kanisani, tuende harusini, watu wajue nimefika."

"Chukua Nissan Cedric, mzee," Amedeus alijibu bila kufikiri. "Wanaitengeneza tangu mwaka 1960. Kule Japani wanaipanda wakurugenzi. Viti vya mahameli, ukikaa unazama. Kiyoyozi. Injini ya V6, inawaka na wewe huisikii. Kwenye shimo haikurushi, inakubembeleza."

Kija alicheka kwa raha. Alikuwa na mpwa wake Dar es Salaam, Steven, aliyefanya kazi ya kutoa magari bandarini, naye akatumiwa ujumbe atafute Nissan. Wiki iliyofuata Kija na Amedeus wakaenda kwenye simu ya posta. Kija hakupenda kuongea na chombo. Akamsukumia Amedeus mkono wa simu, yeye akasimama kando, akisikiliza upande mmoja.

"Kaka, nimepata Nissan mbili, bei haipishani," Steven alisema kwa mbali, sauti inakatikakatika. "Moja Cedric, nyeupe, safi. Nyingine Fairlady. Nyekundu. Mjomba anataka ipi?"

Amedeus alijua jibu. Jibu lilikuwa limesimama pembeni yake na kofia kichwani.

"Ile nyekundu," alisema.

"Una hakika? Ile ina viti viwili tu."

"Nyekundu," alirudia, akaweka simu chini.

"Amesema nini?" aliuliza Kija.

"Amesema gari lipo, mzee. Nissan."

Kazi ya misheni akaiacha wiki ileile. Merina alimkuta anafunga begi.

"Baba Teddy, umeacha kazi ya mshahara kwenda kuleta gari la mtu?"

"Nikirudi nitapata nyingine."

"Wewe hutafuti kazi. Unatafuta pa kukimbilia. Mimi ningekuwa nakimbiakimbia hivyo, huyu mtoto angelelewa na nani?"

Akafunga begi. Akapanda treni.

Kule Dar, Steven alipolivua turubai lile gari, Amedeus alishindwa kuligusa kwanza. Lilikuwa lenyewe, lile la picha. Injini ya lita tatu yenye turbo mbili. Magurudumu ya nyuma nayo yalikuwa yanapinda kidogo kufuata kona. Paa lake lilikuwa na vioo viwili vya kung'oa, ukitaka upepo. Alipokaa, makalio yake yalikuwa karibu na ardhi kiasi kwamba lori lililopita jirani lilionekana kama ghorofa.

Safari aliyoiota zaidi ya miaka ishirini ikaanza, na haikuwa tamu. Barabara ya lami ilikuwa mbele yake, gari lilikuwa linamwomba alikanyage, naye akakanyaga. Lakini kila alipokanyaga aliona uso wa Kija. Alijaribu kupanga maneno. Nitasema walikosea bandarini. Nitasema Cedric iliuzwa. Alipita Morogoro, akapita mbuga ya Mikumi, na tembo waliokuwa kando ya barabara hakuwaona mpaka walipokuwa nyuma. Baada ya Kidatu lami ikawa hadithi. Gari lile lililozaliwa kwa ajili ya barabara laini lilitambaa kwenye makorongo kama mtu anayepita miibani bila viatu, tumbo linakwaruza, na yeye anashuka kila mara kutoa mawe kwa mikono.

Kivukoni wavuvi waliacha nyavu zao wakaja kutazama. Pua ya gari ilikuwa chini mno. Ngazi ya kivuko ingeivunja. Wakatafuta mbao, wakapanga na magunia ya pumba, watu wakainua mbele huku wanacheka na kuimbiana. Lilipopanda, mzee mmoja akauliza kama gari hilo limekatwa juu au limezama chini. Watu wote wakacheka isipokuwa Amedeus.

Kija alikuwa amewaita jirani zake. Alilizunguka gari mara mbili. Akafungua mlango, akatafuta mlango mwingine wa nyuma, hakuuona. Akainama aingie. Goti likagonga usukani, kofia ikadondoka mavumbini, na mtu yule mkubwa akabaki nusu ndani nusu nje, hawezi kwenda mbele wala kurudi. Mke wake mdogo alifunika mdomo kwa khanga, mabega yanamtikisika. Wanaume wawili wakamvuta Kija akatoka.

Maneno yalimtoka kabla hajaiokota kofia. "Wake zangu nitawapakia wapi? Kwenye boneti?"

Wongo wote aliouandaa njiani ukamkauka Amedeus mdomoni.

"Mzee, mpwa wako hakukosea. Aliniuliza ipi, mimi nikasema hii. Nilijua unataka ile nyingine."

"Kwa nini?"

"Nilitaka kuiendesha."

Majirani waliacha kucheka. Kija akaiokota kofia, akaikung'uta, akaivaa. Amedeus alitamani atukanwe. Angejua la kufanya na tusi.

"Umenidanganya mbele ya simu, nikiwa nimesimama hapo hapo," Kija alisema mwishowe, taratibu. "Utalirudisha. Utaniletea lile uliloniambia kwa mdomo wako. Na hutakwenda peke yako. Peke yako nimekwisha kukuona. Utakwenda na mkeo, nataka mtu wa kukutazama."

Ndivyo Merina, aliyekuwa hajawahi kuvuka Kidatu, alivyojikuta kwenye kiti cha abiria cha Fairlady, Teddy ameachwa kwa bibi yake, kitambaa kimefungwa kichwani, uso umenuna. Hakumsemesha mumewe mpaka Kidatu. Amedeus aliendesha kwa adabu, mikono yote miwili kwenye usukani, kama mtu anayefanya mtihani.

Walipoimaliza mbuga ya Mikumi, barabara ikanyooka, nyeusi, tupu. Vioo vya paa walikuwa wameving'oa kwa sababu ya joto. Merina alikuwa ametazama mbele kwa muda mrefu.

"Baba Teddy, huu ndio mwendo wake?"

"Hapana. Linaweza zaidi."

"Sasa mbona unalibembeleza?"

Alimgeukia, akadhani anamdhihaki. Hakuwa anadhihaki. Macho yake yalikuwa yamefunguka kwa namna ambayo hakuwahi kuyaona, si siku ya harusi, si siku Teddy alipozaliwa. Akakanyaga. Turbo zikaitika, viti vikawavuta nyuma, na Merina akapiga kelele, kisha kelele ikageuka kicheko, kitambaa kikamtoka kichwani kikaruka nyuma yao, wala hakugeuka kukitazama. "Kaza!" alisema. "Kaza, baba Teddy!"

Mpaka Morogoro walikuwa wamekaukiwa koo. Hapo ndipo Amedeus alipoupata utamu wa gari lile, katika safari ya kulirudisha.

Steven aliguna, akasonya, lakini Cedric nyeupe ilikuwa haijapata mteja, na kwa heshima ya mjomba wake akabadilisha. Merina alisimama kando ya Fairlady mpaka turubai lilipolifunika. Kurudi, ndani ya mahameli na ubaridi, alisema neno moja tu la maana.

"Nifundishe."

Alimfundisha kwa Cedric yenyewe, asubuhi, kwenye barabara ya Katindiuka wakati wa kiangazi. Kija aliridhia baada ya kucheka sana, na akamfanya Amedeus dereva wake, gari likilala kwake Katindiuka, ili amlipe kwa jasho usumbufu aliompa. Mvua kubwa za mwisho wa mwaka 1997 zikaja, barabara zikafa, Cedric ikalala chini ya bati miezi mingi. Maji yalipopungua Merina alikwenda Morogoro akarudi na leseni.

Haikuchukua muda Kija akasema anamtaka Merina ndiye awe dereva wake. "Mama Teddy akisimamisha gari, linasimama," alieleza. "Wewe ukilisimamisha, bado unakwenda." Amedeus alicheka na wengine, ingawa lilimchoma. Akaenda kuendesha malori ya mpunga ya Mbingu na Mlimba, kisha ya Songea, siku nyingi hayupo, na aliporudi alikuta nyumba imefungwa, mkewe amepeleka bibi harusi Lupiro.

Jioni moja ya mwaka 1999 alimkuta amefika. Gari lilikuwa limeoshwa, chakula kimeiva, Teddy anasoma. Merina hakuwa amekaa. Alikuwa anazunguka uani, anaokota kitu, anakirudisha kilipokuwa, anatazama njia kuu.

"Kuna mtu Mahenge anatafuta dereva wa gari la abiria," alisema kabla hata hajamsalimu. "Barabara ya milimani. Kona tupu."

"Utakwenda?"

"Sijui bado," alisema Merina, akaendelea kuzunguka.