Nilisoma Jalada la Ajenda, Nikamfukuza Mke Wangu

Kosa ni langu. Nalisema mapema ili mtu asihangaike kutafuta mwingine wa kulaumu. Si rafiki aliyenichochea, si pombe, si mambo ya ukoo. Mimi mwenyewe, na akili zangu timamu, nilimfukuza mke mwema kwa sababu ya picha zilizochorwa juu ya jalada la ajenda, kitabu cha kupangia kazi za wiki. Tena ajenda ya Kijapani, ambayo hata herufi yake moja siijui!

Jina langu naliacha. Hapa Kisangani wengi watanitambua hata hivyo.

Nafanya kazi ya breki kwenye reli, ng'ambo ya mto, kule Lubunga. Treni ikienda Ponthierville naenda nayo, nalala huko, narudi nayo. Mke wangu nitamwita Feza. Alikuwa mshonaji, na wanawake walitoka mbali kumletea vitambaa. Alilelewa na mjomba wake, mzee wa kanzu, Mwislamu wa zile familia za zamani za mji huu. Sote tulimwita Tonton Saidi. Mzee yule alinikubali mimi, mtoto wa wavuvi wa maporomoko, wakati ndugu zake wote walikuwa wananung'unika.

Tulikaa muda mrefu bila mtoto. Watu wa kwetu waliniambia nimwache nitafute mwingine. Nilikataa. Nilijiona mwanaume kweli, mwenye moyo mkubwa! Ningejua moyo wenyewe ulikuwa mdogo kiasi gani, nisingejisifu.

Siku moja nilirudi safari nikamkuta na kitabu kipya juu ya meza ya kushonea. Kila ukurasa ulikuwa wiki moja, siku saba zimepangwa kwa mistari. Aliandika humo nguo za nani zinatakiwa Jumanne, za nani Ijumaa, maana wateja walikuwa wameongezeka na kichwa hakikutosha tena.

Jalada lake lilikuwa gumu, rangi ya buluu. Juu yake kulikuwa na picha ndogo, kila moja ndani ya kisanduku chake: jicho, mkono, mtumbwi, nusu ya mwezi, lango lililo wazi, ndege wawili juu ya tawi moja. Chini yake mstari wa maandishi ya Kijapani.

Nilimwuliza ajenda ile ameitoa wapi. Akasema amepewa kwenye duka anakonunua nyuzi, imekuja kutoka Japani pamoja na sindano.

Halafu akacheka. "Wanasema hizi picha iko fumbo," akaniambia. "Jaribu wewe, pengine utaifumbua."

Bon. Nilijaribu.

Nilianza kwa kujiuliza tangu lini mfanyabiashara akatoa kitu kizuri namna ile bure. Duka lenyewe nilikuwa nalipita kila nikienda kwenye kivuko. Ningeingia tu, niulize, nitoke. Sikuingia! Labda niliogopa kuambiwa ukweli, nikose sababu ya kile kilichokuwa kimeshaanza kunitafuna.

Nikiwa safarini, treni ikipasua msitu, picha zile zilinijia moja moja. Jicho: nakuangalia. Mkono: nakuita. Mtumbwi: njoo kwa mtumbwi. Nusu ya mwezi: siku yenyewe ndiyo hiyo. Lango: nitakuachia wazi. Ndege wawili: tutakuwa wawili tu.

Ee, ndugu zangu, zilivyopangana vizuri! Nilipomaliza, jasho lilikuwa linanitoka. Mtu alikuwa anamwandikia mke wangu barua ambayo mume hawezi kuisoma, na mimi nimeisoma.

Kuanzia hapo sikuona tena mke ndani ya nyumba, niliona mshitakiwa. Akiimba, nilisema moyoni ana furaha ya nani? Akinyamaza, nilisema anamkumbuka nani? Ajenda niliifungua nikakuta majina ya wanawake na vipimo vya viuno na mabega. Hata hiyo haikunituliza. Nilisema ameandika hivyo ili kunipumbaza.

Mchana mmoja injini yetu iliharibika, safari ikavunjwa. Nikapanda kivuko kurudi nyumbani. Nikainua macho, nikaona nusu ya mwezi, nyeupe, mchana kweupe juu ya mto. Nikashusha macho, nikaona mtumbwi unavuka kwenda Lubunga. Ndani yake amekaa Feza, kikapu magotini, ajenda juu ya kikapu. Hakuniona.

Nilishuka upande wa nyumbani nikamngoja palepale, kati ya wanawake wanaonunua samaki. Jua lilinichoma, sikusogea. Alipokuja kushuka, kikapu chake kilikuwa kitupu. Nikamwuliza ametoka wapi.

"Lubunga," akasema. "Nimepeleka robe ya bibi-arusi."

Nilimpokonya ajenda. Mbele ya watu wale wote nikaiinua juu na kusoma picha moja baada ya nyingine, nikieleza maana yake kama mwalimu mbele ya ubao. Nilimwita malaya. Wengine walicheka. Mwenye mtumbwi alipiga makofi, na mimi, mpumbavu, nikaona ananiunga mkono.

Feza hakulia. Alisubiri nimalize.

"Miye sijui kusoma hizi picha," akasema polepole. "Wewe ndiye unazijua. Basi uliza roho yako nani aliziandika."

Neno lile lingetosha kumrudishia mtu akili. Mimi liliniongezea hasira. Nilikwenda nyumbani, nikatoa charahani yake uani, nikaivunja kwa nyundo. Nguo zake nikazitupa njiani. Alikusanya zile zilizokuwa safi, akaenda kwa Tonton Saidi.

Na bado, sikilizeni, hapo nilikuwa sijafika chini kabisa.

Siku chache baadaye Tonton alikuja. Alikaa kwenye kiti nilichomletea, akaomba maji, akanywa. Alisema hakuja kugombana.

"Mwanangu, Feza iko na mimba," akasema. "Alikuwa anangojea awe na hakika ndipo akuambie. Njoo umuchukue. Hayo mengine tutayazungumza pamoja."

Miaka yote ile niliyongoja! Moyo uliruka. Magoti yenyewe yalitaka kuinuka. Lakini majirani walikuwa wamejaa uani, wametega masikio, walewale walionisikia nikipiga kelele. Nikaona haya kurudi nyuma mbele yao. Haya, jamani! Si chuki tena, haya tu.

Nikasema, "Hiyo mimba mupelekee mwenye picha."

Tonton aliniangalia. Akaniuliza kama nimeyasikia maneno yaliyotoka kinywani mwangu. Nikayarudia, kwa sauti kubwa zaidi. Mzee akasimama, akarekebisha kofia yake, akaondoka bila kuniaga.

Sasa oneni mwisho wake.

Koti langu la kazi lilichanika begani, na nyumbani hakuna wa kulishona. Donc, kwa mara ya kwanza, niliingia mwenyewe kwenye duka lile kununua uzi. Juu ya meza, kando ya mizani, kulikuwa na lundo la ajenda. Jalada la buluu. Jicho, mkono, mtumbwi, nusu ya mwezi, lango, ndege wawili. Moja juu ya nyingine, zote sawasawa.

Nilimwuliza muuzaji ni vitu gani vile. Akanieleza kwamba zimekuja kutoka Japani ndani ya makasha ya sindano, tajiri ameona hazitanunuliwa, akaamua wapewe akina mama wanaoshona. Nikamwuliza picha zina maana gani. Akasema ni mchezo wa Wajapani, kila picha ni neno la lugha yao, na mji mzima huu hakuna anayejua.

"Chukua moja, papa," akaniambia. "Watoto wako watacheza nayo."

Niliacha uzi palepale, nikatoka mbio.

Kwa Tonton nilipiga magoti mlangoni. Nilimwambia yote, bila kujitetea. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema Feza ameshuka mto, yuko Yanonge kwa shangazi yake.

"Muke ulimuvunjia heshima mbele ya watu wa sokoni," akasema. "Mutoto ulimukana mbele yangu. Miye siwezi kumwita arudi. Kama iko na nguvu ya kumuangalia usoni, nenda mwenyewe."

Nilikwenda. Feza alitoka nje, tumbo limeshakuwa kubwa, mkono kiunoni. Nilisema niliyokuja kusema. Nililia mbele ya wanawake waliokuwa wanakausha samaki, na safari hii hakuna aliyecheka.

"Samahani nimekupatia," akaniambia. "Lakini kurudi, hapana. Kesho utaona picha ingine."

Nilingoja mpaka boti ya kurudi ilipopiga honi. Hakutoka tena ndani.

Nilivyoishi baada ya hapo sitaeleza sana. Nilikwenda mahali pale pa samaki, nikasema kwa sauti kwamba nilimsingizia mke wangu. Watu walinipisha kama wanavyompisha mwenye wazimu. Nilinunua charahani nyingine, nikaipeleka kwa Tonton. Aliipokea kwa niaba yake, akanishukuru, akafunga mlango. Feza alijifungua mtoto wa kike. Baadaye akaolewa na mtu mwema, mvuvi wa kulekule, na mvuvi huyo akampa mtoto jina lake.

Juzi walikuja stesheni ya Lubunga, wanasafiri. Mtoto alitangulia mbio mbele ya wazazi, akafika kwenye behewa, ngazi ikamshinda. Nikamwinua. Uso wa marehemu mama yangu, ndugu zangu! Paji la uso, nyusi, hata namna ya kukunja midomo. Nikamwuliza yeye ni mtoto wa nani. Akanitajia jina la mvuvi, kwa fahari kabisa.

Feza akafika. Alinitambua, nilimwona akinitambua.

"Asante, papa," akasema, kama anavyoambiwa mtu yeyote wa reli, akapanda.

Siwezi kumdai mtoto. Sheria gani nitaishika, mimi niliyemkana akiwa tumboni, mbele ya mzee aliyekuja kwa amani? Nikimwambia ukweli, nitambomolea nyumba ya pili baada ya kuibomoa ya kwanza. Nikinyamaza, nakufa kidogo kila treni inapoondoka. Silali. Chakula hakina ladha. Nimemwomba Mungu anionyeshe mlango, na sijauona.

Ninyi mlio na wake, nawaomba: shaka ikikuingia, uliza. Ukijibiwa, nenda ukahakikishe kabla hujafungua mdomo. Na kama umeshaufungua ukakosea, mtu akaja na kukupa nafasi ya kurudi nyuma, rudi! Majirani wakicheka, wacheke. Wale waliokuwa uani kwangu siku ile, hakuna hata mmoja leo anayekumbuka nilichosema. Nakumbuka mimi peke yangu.