Mawe ya Mviringo ya Igwisi

Nilitoka Nzega kwa sababu ya simu moja. Shemeji yangu Masanja, mume wa dada yangu Nyamizi, alikuwa ameokota mawe ya mviringo kwenye vilima vya Igwisi. Jumamosi angeuza maksai wake wawili wa kulimia ili akachimbe dhahabu.

"Si wewe ulinifundisha?" Masanja alisema kwenye simu. "Jiwe la mviringo limeviringishwa na mto, na mto wa zamani unaficha dhahabu."

Kweli nilimfundisha. Sisi wachimbaji tunasoma ardhi hivyo. Lakini nyuma yake nilimsikia dada akilia, na msimu wa kulima ulikuwa umekaribia.

Alhamisi nilipita Tabora, nikafuata upande ule walikopita wapagazi wa misafara kwenda Ujiji. Wao walibeba pembe za ndovu. Mimi nilibeba maneno yangu mwenyewe, na yalikuwa mazito.

Jioni nilifika Usinge, kwa dada.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba, Nyamizi."

Alinijazia mfuko karanga za sukari, zile anazouza stesheni. "Mwambie wewe. Mimi hanisikii."

Ijumaa mimi na Masanja tulipanda Igwisi pamoja na Mwalimu Rehema, anayefundisha jiografia pale kijijini. Juu kabisa mawe yalitapakaa, mviringo kama njegere. Lo! Hata mimi moyo ulinidunda, nikatamani Masanja awe sahihi.

"Mto gani unapanda kilima?" Mwalimu akauliza.

Nikaona aibu. Nikapasua jiwe moja kwa nyundo: ndani punje ya kijani, nje ngozi nyembamba ya kijivu. La pili, vilevile.

"Hii ni volkano," akasema Mwalimu. "Mara nyingi uji wa moto huwa mzito, ukilipuka, vipande vinatoka na makali kama vigae. Huu ulikuwa mwepesi mno, umejaa gesi. Ulirusha punje hizi juu, kila moja ikavikwa utando, ikawa mviringo kabla haijaanguka."

Nikatoa karanga ya dada, nikaing'ata katikati, nikaiweka kando ya jiwe: ndani karanga, nje ganda la sukari.

Masanja akatazama kimoja, akatazama kingine. "Kwa hiyo mto hakuna."

"Hakuna. Dhahabu sijui, ila mawe haya hayaisemi. Nilikupotosha, shemeji. Nisamehe."

Masanja akampigia simu mnunuzi wa maksai, akamwambia asije.

Jumamosi asubuhi alinisindikiza kabla ya kwenda kufunga nira. Nilimwambia nimejifunza kutoamini umbo la jiwe kabla ya kulipasua.

"Vizuri," akasema. "Ukifika Nzega, waambie na wale wengine uliowafundisha."

Nikaanza kuwakumbuka mmoja mmoja, hata gari halijaondoka. Walikuwa wengi.