Siku Niliyovaa Kichwa cha Mamba

Jamani, mkasa huu siusimulii kwa raha, na mkiniona nacheka mahali jueni nacheka kwa aibu, maana mpaka leo nikienda sokoni Lundo kuna watoto ambao hata siwafundishi wananiita Mwalimu Mamba, nami nageuka naitika.

Mimi ni mtu wa milimani, Mbinga, nimekulia kwenye kahawa na baridi, mamba nilikuwa namjua wa kwenye kitabu. Nikaja kufundisha huku ziwani, shule iliyojengwa na wanakijiji kwa matofali yao wenyewe, na kwa kuwa nilikuwa kijana na mdomo ninao, nikaomba kipindi cha sanaa: watoto wafinyange, wachore, waigize. Wazazi wengi hawakukipenda. Mwenyekiti wa kamati ya shule, Mzee Mapunda, aliniambia waziwazi, "Mwalimu, sisi tunataka hesabu. Kucheza watoto wanacheza nyumbani." Tukakubaliana wazazi waje waone onyesho moja, halafu kamati iamue kipindi kibaki au kifutwe.

Tukatunga igizo la msichana anayekwenda kuteka maji mtoni, anakamatwa na mamba, wenzake wanamwokoa (aliyeleta wazo la mamba ni mimi, msiwasingizie watoto). Kichwa chake tulikiunda kwa fito za mianzi, magazeti na uji wa muhogo, watoto wakakipaka rangi, kikatoka kizuri mpaka kuku wakawa wanakikimbia. Shida ni kwamba kilitoka kikubwa mno, Festo aliyepangwa kuwa mamba akikivaa kinamshukia mpaka mabegani, anajikwaa. Asubuhi ya onyesho nikatamka neno dogo tu, "Basi, nitavaa mimi." Laiti ningefunga mdomo!

Taya lilikuwa linaning'inia, nikapaka gundi ya viatu kwa ndani, tena nyingi, na kwa kuwa wazazi walishakaa sikungoja ikauke, nikajitumbukiza. Mle ndani giza, natazamia kwenye upenyo wa mdomo, naona vumbi na miguu ya watu basi. Ngoma ikalia, nikatambaa uwanjani kwa tumbo na shati langu la Jumapili, watu wakaangua kicheko, hata cha Mzee Mapunda nilikisikia, nikajisemea kipindi kimepona. Kichwa kikavimba (changu, siyo cha mamba). Nikautafuta mguu wa msichana wetu, nikaona mguu, nikaudaka.

Mwenye mguu akapiga yowe. Nikafikiri, ah, huyu mtoto leo anaigiza kweli! Nikavuta. Kicheko kikakatika ghafla, na mimi, mjinga wa mwisho, nikadhani watu wamezama kwenye igizo, nikanguruma kwa nguvu zaidi, nikavuta tena, mpaka nikahisi napigwa kiatu mgongoni na Mzee Mapunda anafoka, "Mwachie! Mwalimu, mwachie mama wa watu!"

Ule mguu ulikuwa wa Mama Salome, aliyekaa kwenye mkeka mbele kabisa. Na Mama Salome (kijiji kizima kilijua isipokuwa mimi) mdogo wake alichukuliwa na mamba pale mto unapoingia ziwani, walipokwenda kufua pamoja.

Niliambiwa hayo nikiwa bado nimepiga magoti. Nikataka kuvua kichwa nimwombe radhi, hakitoki, gundi imeshika nywele na masikio. Nikasema humohumo, "Mama, nisamehe," sauti ikatoka nzito kama ya mtu aliye ndani ya mtungi, taya likipanda na kushuka, na watoto wadogo wakacheka. Wakacheka, jamani! Wanawake wenzake walimshika mkono wakampeleka nyumbani analia. Mimi nikakalishwa palepale uwanjani, Mzee Mapunda akanikata kile kichwa kwa kisu cha kuparia samaki, pamoja na nywele za upande mmoja, wazazi wote wanatazama.

Kesho yake Mwalimu Mkuu alinipeleka kwa Mama Salome, nimevaa kofia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Nikaanza maneno yangu ya radhi niliyokuwa nimeyapanga njia nzima, akaninyamazisha kwa mkono.

"Nilisikia watu wanacheka," akasema. "Siku ile mtoni, watu wa ng'ambo walidhani sisi tunacheza majini. Walikuwa wanacheka hivyo hivyo."

Nikalia mbele ya wanawe, mtu mzima mimi, mpaka yeye ndiye akaniletea maji ya kunywa.

Kamati ilipokaa nilikwenda nikijua kipindi kimekwisha, nikamkuta Salome mwenyewe, binti yake mkubwa, ametumwa na mama yake aseme kisifutwe, watoto hawana kosa, ila mwalimu awe anauliza kwanza. Mzee Mapunda akanitazama, akasema, "Umesikia?" Nikasema nimesikia.

Basi sasa nauliza. Kabla watoto hawajaanza igizo lolote napita majumbani, nabisha hodi, naeleza hadithi yote, nauliza kama kuna mtu itamuumiza, na wengine wananicheka mlangoni, wacheke tu. Kuvaa kichwa cha mnyama, hata cha kuku, sitavaa tena maisha yangu. Onyesho lililofuata lilikuwa la harusi, na Mama Salome alikuja. Alikaa nyuma kabisa, miguu ameikunja chini ya kanga, na mimi nikapiga ngoma mwanzo mpaka mwisho bila kuthubutu kutazama upande ule.