Pilau la Mikwaju Themanini na Tisa

Msimu wangu wa kwanza na wa mwisho wa kucheza gofu ya kulipwa niliumaliza Lusaka, baada ya kuanguka Nairobi na kuanguka tena Kampala. Yalikuwa mashindano ya chipukizi, ngazi ya kupandia kwa wakubwa. Kila mji tulicheza siku mbili, kisha mchujo: waliopiga mpira mikwaju mingi wanafungasha virago, waliopiga michache wanabaki kuwania zawadi. Mimi nilikuwa bingwa wa kufungasha.

Kwetu Tandale hakuna aliyewahi kuuona mchezo wenyewe. Walijua nilianza kwa kubeba mifuko ya fimbo za mabwana wakubwa, na sasa nabeba wangu. Sikuwahi kuwaeleza zaidi. Nilipenda, naona haya kusema, wanitazame kama mtu wa mambo mazito wasiyoyaweza.

Niliposhuka kwenye treni ya kutoka Zambia nikaenda moja kwa moja nyumbani. Mjomba, kaka yake mama, alinidaka mlangoni hata shikamoo sijaimaliza.

"Redio imekutaja, mpwa wangu! Wa kwanza kutangazwa kapata sitini na nane. Wewe themanini na tisa! Umemwacha mbali!"

Nilicheka, nikidhani ananitania. Kisha nikachungulia uani. Sufuria kubwa ya kukodi ilikuwa juu ya mafiga, kina mama wanachambua zabibu, na mikeka imetandikwa mpaka kibarazani. Mama alikuwa amealika mtaa mzima kwa dua ya shukrani baada ya Alasiri.

"Njoo uonje chumvi, mwanangu," aliniita, uso unang'aa kwa jasho na furaha. Akanitilia pilau kiganjani.

"Imekolea, mama."

Ndilo nililoweza kusema. Mmoja wa majirani akamtania mama kwa kumwita "Mama Bingwa", wote wakaangua kicheko, nami nikatoka pale masikio yanawaka moto.

Wanaume tulipokwisha kukaa mkekani, shehe wa mtaa akainua mikono kumshukuru Mungu kwa ushindi alionipa. Nikainua yangu. Ikawa mizito. Kushindwa na Wazambia ni jambo moja. Kumwitikia Mungu amina kwa uongo, hilo likanishinda.

"Samahani, shehe," nikasema, kwa sauti iliyofika hadi nyuma ya pazia walikokuwa wanawake. "Kwenye gofu, anayepiga mara chache ndiye mshindi. Mimi nilikuwa wa mwisho."

Mjomba akaanza kuchomoa nyuzi za mkeka. Shehe akakohoa, akasema basi, tushukuru kijana amerudi salama, na watu wakaitikia kwa sauti za chini. Nami, Mungu anisamehe, nilijisikia mwepesi. Nilijiona mwanamume mkweli aliyetua mzigo mbele za watu.

Pilau likaletwa. Maji ya kunawa mama aliyaleta mwenyewe, birika mkono huu, beseni mkono ule, akapita kwa mgeni mmoja mmoja bila kumtazama yeyote usoni. Hakuna aliyemtania tena. Aliponifikia akainama, akanimiminia taratibu.

"Ungeniambia mie kwanza, mwanangu," akasema kwa kunong'ona. "Nilikuwa hapo hapo uani."

Akasogea kwa jirani yangu.