Unasikia, Mama?

Kama nimekosea mpangilio nisamehewe. Niliishia la saba, na siku ile nilikuwa na woga mwingi, kwa hiyo huenda mengine nayakumbuka vibaya.

Niliteleza kwenye tuta la shamba letu la mpunga, Ngonga, jioni moja baada ya mvua. Nilitanguliza mkono wa kulia. Nilipoinuka, kifundo kilikuwa kimepinda kama upawa.

Jirani yetu mmoja huunga mifupa. Sitamsema vibaya, maana mguu wa kaka yangu aliuunga yeye na kaka anatembea vizuri. Ila nilikuwepo siku anauvuta, kaka ameuma kitambaa, na kelele zile sijazisahau. Kwa hiyo kesho yake asubuhi, wifi yangu aliponipakia kwenye bajaji kwenda hospitali Kyela mjini, nilikuwa nimeshapanga: wakitaka kunivuta hivyo hivyo, naondoka na mkono wangu uliopinda.

Tabibu alikuwa kijana, mwenye sauti ya chini. Alitazama picha ya eksirei niliyopigwa akasema mfupa umevunjika na kurudi nyuma, lazima uvutwe. Nikasimama. Wifi akanishika kitenge, nikakaa.

"Hatuvuti kabla ya ganzi, Mama," alisema. "Dawa ni ile ile ya kung'olea meno. Naiweka palepale palipovunjika."

Alisafisha, akachoma juu ya kifundo. Kwanza alivuta damu nyeusi kidogo ikaingia kwenye bomba la sindano, akasema hiyo ndiyo alama kwamba yupo mahali penyewe. Kisha akasukuma dawa taratibu. Niwe mkweli, sindano iliuma, na si kidogo kama alivyosema. Lakini pia haikuchukua muda.

Tulisubiri kama dakika kumi. Akarudi, akanishika kifundo.

"Unasikia, Mama?"

"Nasikia, Daktari."

Akasubiri tena. Akabonyeza.

"Na sasa, unasikia?"

"Nasikia vizuri kabisa."

Akakunja uso. Akamwambia nesi kwamba dawa imefika kiwango, hawezi kuongeza, itabidi niende Mbeya wakanilaze usingizi. Machozi yakanitoka. Nilijijua: nikitoka pale, Mbeya sifiki, narudi nyumbani.

Wifi akanitazama. "Wifi, unasikia nini hasa?"

"Namsikia Daktari. Si anaongea?"

"Siyo yeye. Mkono."

Nikautazama. Kidole cha tabibu kilikuwa kimezama kwenye nyama yangu na mimi sina habari. "Mkono mbona umekufa ganzi toka muda," nikasema.

Nesi aligeukia ukutani, mabega yanacheza. "Daktari," wifi akasema, "huyu hajavunjika masikio. Ulizia mkono." Tabibu naye akacheka, akasema kosa ni lake. Mimi nadhani tuligawana.

Nesi akanikamata juu ya kiwiko, tabibu akavuta. Nilijua kwamba navutwa, kama mtu anapokuvuta shati ulilolivaa, na nikasikia mlio mdogo, huo kwa masikio. Maumivu hayakuwepo. Nilimngoja ayalete, nikaona tayari anafunga piopii, ile plasta ngumu. Nikamwambia ndaga, ndaga fijo, mara nyingi mpaka akasema, "Inatosha, Mama, asante zako zimefika."

Niliporudi kufunguliwa piopii nilikaa kwenye benchi nje ya chumba chake. Ndani alikuwa na mzee mmoja. Nilimsikia akimwuliza, "Hapa inauma, Baba, au haiumi?" Wifi akanipiga kiwiko. Sitaki kujipa sifa. Huenda ndivyo anavyouliza siku zote, akateleza kwangu tu. Lakini nilifurahi kwa ajili ya yule mzee.

Haya nimeyaandika kwa mkono ule ule. Herufi zinalala kidogo, ila hata zamani hazikuwa zinasimama.