Habari za Mashine Inayosikia

Miaka ile ya tisini ilipokuwa ikielekea ukingoni, nilikuwa nikifundisha kupiga chapa katika chuo kidogo mjini Kisii, vyumba viwili juu ya duka la viatu. Taipureta zetu zilikuwa kuukuu, nyingine zimekatika herufi, lakini zilipolia zote kwa pamoja, hata watu wa barabarani walijua wasichana wako kazini. Walitoka Mosocho, Keroka, na pande za kwetu Kebirigo. Wazazi wao walikuwa wakulima wa chai na ndizi, na waliwaleta kwangu kwa imani moja, kwamba msichana anayejua kupiga chapa hakosi ofisi. Mimi mwenyewe niliamini hivyo. Sikuwa na kitu kingine cha kuamini, maana hiyo ndiyo kazi niliyoijua tangu nikiwa msichana kama wao.

Ng'ambo ya barabara palikuwa na duka la vitabu la mama mmoja Mhindi, mjane, aliyezaliwa papa hapa Kisii. Mwanawe alikuwa akifanya kazi Uingereza, na alikuwa amemletea kompyuta ili wawe wakiandikiana. Lakini baridi yabisi ilikuwa imemkaza vidole, na kibodi ilimchosha. Akaniomba niwe nikipita asubuhi kabla ya darasa nimpigie barua zake. Nilikubali mara moja. Katika barua moja, chini kabisa, mama aliniruhusu niongeze maneno yangu mawili matatu. Nikamuuliza mwanawe: haya mambo ya kompyuta yanaelekea wapi?

Hakunijibu swali. Aliniandikisha katika kundi lao.

Lilikuwa kundi la barua pepe la Wakenya wanaofanya kazi za kompyuta, wengine Nairobi, wengine ng'ambo. Mtu mmoja akiandika, barua yake iliwafikia wote, na kila mwenye neno alijibu. Asubuhi mama alipiga simu ya Nairobi kwa kutumia mashine yake ndogo ya kuunganisha kompyuta na simu, iliyokuwa ikilia kama paka aliyekanyagwa mkia, na mvua ikiwa haijaharibu laini, barua ziliingia. Kisha alikata simu haraka.

"Mwalimu, soma sasa. Simu nimefunga, hakuna haraka," aliniambia kila mara, naye akaenda kufungua milango ya duka.

Mwanzoni nilifurahi. Nilijiona nimekaa katikati ya watu wanaojua. Walisimulia kampuni gani imemeza nyingine, mashine gani mpya imetoka na ile ya mwaka jana imegeuka takataka. Walibishana, wakatukanana kwa adabu, wakaombana radhi. Lakini kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyoingiwa na hofu. Kila wiki kitu fulani kilitangazwa kuwa kimekufa. Nilikuwa nikipanda ngazi za chuo, nawakuta wasichana wamenyoosha migongo, macho ukutani, vidole tayari. Nawaambia waanze. Huku moyoni najiuliza nawafundisha nini.

Siku nisiposoma ilikuwa mbaya zaidi. Sabato moja kanisani Kebirigo, mchungaji akihubiri, mimi nilikuwa nikiwaza barua zilizoingia Ijumaa ambazo sikuziona. Mama yangu mzazi alinishika mkono tukitoka.

"Unaumwa?" aliniuliza.

"Hapana, Mama. Ni kazi tu."

"Kazi gani hiyo inakufuata mpaka kanisani?"



Halafu ikaja ile habari. Mtu mmoja wa kundi aliandika kwamba ng'ambo kuna programu ambayo mtu anaiongelesha, nayo inaandika yenyewe. Hakuna vidole, hakuna mpiga chapa. Meneja anaongea, barua inatoka. Wengine walishangilia. Mmoja aliandika kwa mzaha kwamba sasa masekretari waende nyumbani wakachume chai. Nilisoma sentensi hiyo mara nyingi. Aliyeiandika hakujua kwamba kuna mwalimu wa masekretari anayeisoma, wala kwamba kwetu chai ipo kweli na inachumwa.

Sikumwambia mtu chuoni, ila wasichana walinisoma usoni. Msichana mmoja wa Mosocho, mwepesi kuliko wote kwa kasi, alibaki darasani wenzake walipotoka.

"Mwalimu, ni kweli kuna mashine inaandika yenyewe? Nimeskia kwa duka la Mhindi ukimwambia mama."

"Ni habari tu. Sijaiona."

"Sasa sisi?"

Nilimwambia arudie zoezi lake la tarakimu.

Baada ya siku chache babake alikuja. Alikuwa mzee mrefu, kofia mkononi, viatu vimepakwa matope ya Mosocho hadi kwenye kifundo. Alikataa kiti.

"Mwalimu, mimi sikusoma sana, kwa hivyo niambie pole pole. Huyu mtoto amesema kazi mnayofundisha inakwisha. Kama inakwisha, mimi namrudisha nyumbani leo. Kama haikwishi, niambie hapa, nikusikie."

"Tata," nilimwita, kama tunavyomwita mtu wa umri wa baba, "siwezi kukudanganya. Mimi mwenyewe nimesoma tu habari. Naogopa kama wewe."

Nadhani alikuwa amekuja tayari kubishana, na sasa hakuwa na wa kubishana naye.

"Basi tuione hiyo mashine," alisema. "Mtu haogopi chui wa kusimuliwa."

Bahati ilikuwa kwamba mwanawe yule mama alikuwa njiani kuja nyumbani kwa sikukuu ya Diwali. Nilimwandikia, nikamwomba kama anaweza kuja na programu hiyo. Alijibu kwa neno moja tu: sawa. Siku zile za kungoja nililala kidogo na kula kidogo zaidi. Nilikuwa nimeomba kuletewa kitu ambacho huenda kingenifuta kazi mbele ya macho ya mzazi.

Kijana alifika na kompyuta ya kubeba na kipaza sauti kidogo kinachovaliwa kichwani. Tulikusanyika nyuma ya duka, katikati ya makatoni ya madaftari: mama mwenye duka, mwanawe, mzee wa Mosocho, bintiye, na mimi. Kijana aliongea kwanza, na Kiingereza chake cha Uingereza kikatokea kwenye kioo, neno baada ya neno, karibu chote sahihi. Nilimwona msichana amekunja vidole vyake ndani ya ngumi.

"Sasa wewe, Mwalimu," kijana alisema.

Nilivaa kipaza sauti. Kwanza ilibidi niisomee ukurasa mrefu ili inizoee, kisha nikaitamkia kwa Kiingereza barua ya kawaida ya kuomba kazi, ile ninayowafundisha wasichana. Nilitamka vizuri nilivyoweza, lakini mimi ni Mkisii, na l yangu hutoka kama r nikiwa na wasiwasi. Mashine iliandika habari za mchele na kondoo. Palipokuwa na heshima kwa mkurugenzi, iliandika jambo la mfalme aliyepotea. Mama mwenye duka alicheka mpaka akashika meza. Alipojaribu yeye, iliandika mabaya zaidi.

Mzee akaomba zamu yake. Aliinama karibu na kioo, akaiamkua mashine kwa Ekegusii, kwa sauti ya mtu anayebisha hodi: "Bwakire buya."

Iliwaza kidogo, kisha ikaandika Kiingereza kisicho kichwa wala miguu. Bintiye alimtafsiria. Mzee akavaa kofia yake.

"Haitujui," alisema. "Mtoto atamaliza masomo."

Wote walitoka wakicheka. Mimi nilibaki na kijana akifunga waya zake. Nilimuuliza kama tatizo hilo litadumu.

"Hapana, Mwalimu," alinijibu kwa upole. "Miaka michache tu. Inajifunza."

Kesho yake, kwa mara ya kwanza, nililiandikia kundi. Nilisema mimi ni mwalimu wa kupiga chapa Kisii, nikaeleza tulichokiona, nikauliza: mngekuwa mimi mngefanya nini? Waliojibu wengi walichekea kondoo. Wawili waligombana kuhusu kumbukumbu ya mashine na kunisahau kabisa. Jibu moja lilitoka kwa mwanamke wa Eldoret, mwalimu kama mimi, ambaye sikuwahi kujua yupo maana naye hakuwa akiandika. Alisema mwaka uliotangulia alilia sana. Kisha akaanza kuwapeleka wanafunzi wake, wawili wawili, kwenye kompyuta ya misheni jioni, naye akijifunza pamoja nao. "Dada, usisome kila siku," alimalizia. "Habari zile zile zitakungoja."

Nilimwomba mama mwenye duka niwalete wasichana kwenye kompyuta yake, naye akakubali kwa sharti kwamba wasichana wanawe mikono. Tulianza wawili wawili. Nilikuwa nikijifunza somo asubuhi na kulifundisha jioni, nikitumaini hakuna atakayeuliza la mbele. Yule wa Mosocho aliuliza kila mara.

Alipata kazi Keroka, kwa mwuza vifaa vya ujenzi aliyekuwa ametoka kununua kompyuta na hakujua pa kuiwashia. Wenzake watatu walipata ofisi. Wengine walirudi nyumbani, na nikipita barabara ya Kebirigo niliwaona shambani, kikapu mgongoni, wakinipungia. Nami niliwapungia, nikiharakisha hatua.

Kusoma barua za kundi nilipunguza hadi mara mbili kwa wiki. Asubuhi nyingine mama aliniita kutoka mlangoni, "Mwalimu, barua nyingi leo!" Nami nilisimama ng'ambo ya barabara na funguo za darasa mkononi, nikipima kama nivuke au nipande ngazi.